Kikapu cha Mama ni Pointi Tano

Everline alikuwa na mdomo, na hakuwahi kuuonea haya. Enzi zake akichezea klabu moja ya mpira wa kikapu ya wanawake pale Nairobi, alikuwa mchezeshaji, yule anayepanda na mpira huku akiwaambia wenzake nani aende wapi. Sauti yake ilisikika mpaka kwa wauza mahindi nje ya uwanja. Marefa walimwogopa. Wenzake walimtii, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kuchoka. Kwa hiyo usishangae kwamba mwanamke huyu, alipofika umri wa kuvaa miwani na kuajiriwa kusaka vipaji vya timu ya wanawake ya kulipwa huko Fort Worth, alikuwa na sharti moja lisilojadiliwa: mchezeshaji lazima aseme. Mchezeshaji bubu, alipenda kusema, ni redio isiyo na spika. Taa inawaka lakini habari hupati.

Sasa shida yake ilikuwa binti mmoja wa chuo huko Houston, jina lake Alida.

Timu ilikuwa na pengo. Mchezeshaji wao wa miaka mingi alikuwa amestaafu, na msimu mzima waliumia. Nyota wao, dada mmoja mrefu ambaye watu walinunua tiketi kwa ajili yake, alikuwa amepungua kasi. Akipewa mpira alisita kidogo kabla ya kuanza kwenda, na hicho kidogo ndicho kilichowatosha wapinzani kumzonga. Daktari alimpima magoti, kocha akambadilishia mazoezi, wapi! Walihitaji mtu wa kuushika mchezo, na haraka. Jumatatu ilikuwa siku ya drafti, siku ambayo timu za kulipwa hugawana wachezaji wanaomaliza chuo. Wao walibakiwa na nafasi moja tu ya kuchagua, tena ya mwishomwisho. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mkuu wa timu, Mmarekani aitwaye Tania, alimwambia Everline, "Neno la mwisho ni lako." Maana yake unaielewa. Ikiharibika, imeharibiwa na Everline, na kazi yenyewe kwaheri.

Majina yaliyobaki mezani yalikuwa mawili. Kulikuwa na msichana wa Oklahoma, anayefunga kutoka mbali na mwenye mdomo kama wa kondakta. Halafu Alida, Mrundi wa Stafford, kando ya Houston, ambaye timu yake ya chuo ilikuwa ikishinda bila mtu kueleza vizuri inashindaje. Yeye mwenyewe hafungi sana. Na hasemi! Everline alikwenda kumtazama kiwanjani msimu mzima, akakaa karibu kabisa na benchi, na hakumsikia akisema zaidi ya mtu aliye kwenye foleni ya benki.

Tena kulikuwa na jambo jingine, na hili Everline hakumwambia mtu. Pale ofisini alikuwepo kijana Mkenya mwenzake, Wilfred, mtu wa takwimu. Siku Everline alipotaja jina la Alida kwa mara ya kwanza, Wilfred alicheka akasema, "Aunty, unataka kutuletea Afrika Mashariki yote? Mwishowe utatuletea na mpishi wa chapati!" Watu wakacheka, na Everline naye akacheka. Lakini neno lile lilimkaa rohoni. Tangu siku hiyo, kosa la Alida alilihesabu mara mbili, na zuri lake alilipita kama hakuliona. Aliogopa kuambiwa anabeba wa kwao.

Basi Jumamosi aliwasha gari kutoka kwake Lewisville akashuka mpaka Stafford, kwenda kumhoji binti na kumfutia jina lake kwa heshima. Ndiyo, kumfuta. Moyoni alishaamua. Mama yake Alida, Clothilde, alikuwa amemwambia kwenye simu, "Nyumbani hatutakuwepo, mama. Kuna mechi ya jumuiya kwenye ukumbi wa parokia. Njoo hukohuko, utakula, mtaongea."

Alichokuta Everline hakikuwa mechi, kilikuwa harusi isiyo na bibi harusi. Warundi wa Houston na Warundi wa Fort Worth walikuwa wamejaa ukumbini na watoto wao, na masufuria ya maharage, na mishikaki inayofuka moshi nje ya mlango, na ngoma. Ngoma zenyewe si za kupigapiga tu. Zilitingisha madirisha. Clothilde alimkumbatia kama dada yake aliyepotea, akamkalisha kwenye kiti cha mbele.

Hapo ndipo alipofika Nazaire, mwenyekiti wa jumuiya na refa wa siku hiyo, filimbi shingoni. Warundi hawa walikulia kambini Kigoma, na Kiswahili walichotoka nacho huko kilikuja na adabu zake zote. Huwezi kumsalimia mtu kabla hujajua nani mkubwa.

"Mama, nisamehe," Nazaire alisema, akiinama kidogo. "Nikuamkie mimi, au uniamkie wewe?"

Everline alimpima kwa macho, mvi zile na tumbo lile. "Wewe una miaka mingapi?"

"Arobaini na tisa."

"Basi niamkie! Mimi nina hamsini na moja."

"Shikamoo, mama."

"Marahabaa," Everline alijibu, akaivuta hiyo sauti ya mwisho mpaka ikapendeza. Alilelewa Nairobi, ambako mtu mzima anasalimiwa 'sasa' na mtoto wa juzi. Shikamoo ya mwanamume mwenye mvi ilimwingia vizuri. Akajiweka sawa kitini kama malkia.

Nazaire hakuondoka. Alibaki pale, macho yanang'aa. Kisha akageuka akapaza sauti kwa ukumbi wote, "Jamani! Tumempata mama!"

Vigelegele vikapigwa. Everline akauliza kuna nini. Clothilde, akijaribu kuficha kicheko kwa kitenge, akamweleza. Kwenye mechi hii kila timu lazima iwe na mama mmoja wa miaka hamsini kwenda juu, na acheze kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sheria iliwekwa na akina mama wenyewe, waliochoka kupika wakati wengine wanafurahi. Tena kikapu cha mama ni pointi tano. Mama wa Houston, Marie-Goretti, alikuwa ameitwa zamu ya dharura hospitalini asubuhi hiyo. Bila mama, Houston wangepoteza mechi kabla haijaanza.

"Kwani wewe Clothilde?"

"Mimi nina arobaini na sita, mama. Ningesema uongo, lakini padri alinibatizia watoto, ananijua."

"Haki mimi nimekuja kazini! Kazi yangu ni kutazama!"

"Utatazama ukiwa ndani," alisema Nazaire. "Utaona vizuri zaidi."

Woi, Everline. Angeificha miaka yake, nani angemuuliza? Shikamoo moja tu ilikuwa imemponza. Alivalishwa raba za Clothilde zilizompwaya, fulana ya kijani ikavutwa juu ya blauzi yake ya ofisini, na kabla hajamaliza kulalamika alikuwa katikati ya uwanja. Upande wa Houston kulikuwa na mjomba wa suruali ya kitambaa, vijana wawili wa kanisani waliokuwa wakicheza kwa mara ya kwanza, yeye mwenyewe, na Alida.

Alida alimjia, msichana mwembamba wa mabega mapana, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama." Hakuongeza neno. Everline akajisemea moyoni, ndiyo hayo sasa.

Upande wa pili alisimama mama wa Fort Worth. Aliitwa Elvire, alikuwa na miaka hamsini na tano, aliwanyanyua wagonjwa kitandani kila siku ya kazi, na mikono yake ilisema hivyo. Alimtazama Everline juu mpaka chini akatabasamu. "Karibu, dada," alisema, na lile karibu lilikuwa na vitisho ndani yake.

Filimbi ikalia, ngoma zikapanda.

Everline alifanya alichojua kufanya. Alipiga kelele. "Kulia! Rudi! We mjomba, rudi!" Hakuna aliyesikia. Yeye mwenyewe hakujisikia. Alifungua mdomo na ni kama alikuwa anakula hewa. Wakati bado anashangaa, pasi ya Alida ilikuja kutoka juu, ikapotelea kwenye mwanga wa taa, ikamgonga miwani. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Ya pili ilimgonga sikio. Everline akaanza kukasirika kweli, kwa sababu mtu aliyewahi kuvaa jezi ya klabu yake hagongwi sikio na mpira mbele ya masufuria.

Ya tatu haikuja juu. Ilidunda chini mara moja ikapanda mpaka kiunoni mwake taratibu. Akaidaka. Akakosa kikapu, sawa, lakini aliidaka. Ya nne ikadunda vilevile. Ya tano pia. Hapo Everline alielewa. Mtoto ameiona miwani. Hakuniuliza kitu, na ameacha kuleta mipira ya juu.

Basi akafunga mdomo akaanza kutazama, maana ndiyo kazi iliyomleta.

Akaona mambo ambayo kutoka pembeni hayaonekani. Alida alikuwa anaangalia mahali, si mtu. Akitaka uende kona, macho yake yanaenda kona kabla yako, na mkono wake wa chini unakusindikiza, na ukifika, mpira uko njiani. Yule mjomba alikuwa hawezi kukimbia, kwa hiyo hakuambiwa akimbie. Alipewa mpira palepale alipochoka, na palepale alifunga. Kijana mmoja wa kanisani alikuwa mwoga wa kugongana, basi kila mara Alida alimfungulia njia tupu. Ndani ya muda mfupi kila mtu wa Houston alikuwa anajiona stadi. Mjomba alikuwa anapuliza busu kwa mashabiki! Na Everline, mpira ulimfikia upande wa kulia wa kikapu, kiunoni, mishono imekaa vidoleni, mahali alipopapenda kuliko pote tangu ujanani na ambapo hakumwambia mtu. Akaruka. Aliruka unene wa karatasi, lakini aliruka. Mpira ukaingia bila kugusa chuma.

Pointi tano! Ukumbi ulipasuka. Mwanamke asiyemjua alimrukia shingoni. Everline alijikuta anapiga kelele zisizo za amri yoyote, kelele tu, za furaha, na machozi yakamlenga. Ilikuwa miaka mingapi? Alishasahau kwamba mchezo huu, kabla haujawa mikutano na takwimu, ulikuwa kitu kitamu namna hii.

Sasa usidhani kila kitu kilikuwa asali. Karibu na mwisho, Everline alikuwa akirudi nyuma kulinda, macho kwa mwenye mpira, asijue kwamba Elvire amesimama nyuma yake kumzuia njia. Alida alikuwa akitazama yote mawili. Neno moja tu, "Nyuma!", lingetosha, kwa maana alikuwa hatua mbili kutoka hapo na ngoma zilikuwa zimepumzika. Hakulisema. Everline aligeuka akajigonga kwa Elvire kama mtu aliyejigonga kwa jokofu, akakaa chini kwa kishindo, na mwenye mpira akapita akafunga. Fort Worth walishinda kwa kikapu hicho. Elvire alimnyanyua kwa mkono mmoja, akampukuta vumbi, akamwambia, "Unacheza vizuri, dada. Pole."

Baada ya chakula, Everline alimwita Alida nje, kwenye ngazi, barafu ya kwenye mfuko wa plastiki ikiwa imebanwa kiunoni.

"Ulimwona Elvire?"

"Nilimwona, mama."

"Mbona hukuniambia?"

Alida aliangalia viatu vyake. Wengine hapo wangesingizia ngoma. Wengine wangesema hukusikia. "Nilikosea," alisema. "Nilikuonyesha kwa mkono, lakini ulikuwa umenipa mgongo. Kocha wangu ananiambia kila siku. Kwetu tulikuwa watoto saba chumba kimoja, baba analala mchana kwa sababu alifanya kazi ghalani usiku. Tulizoea kuelekezana bila sauti. Mdomo unanichelewa. Lakini si kwamba siwezi, mama. Bado sijazoea."

Everline aliisogeza barafu kiunoni. Alikuwa amekuja kumfuta msichana huyu. Sababu aliyokuja nayo ilikuwa bado ipo, imethibitishwa, inamuuma kiunoni. Lakini sababu ile nyingine, ile ya Wilfred na chapati, aliiona sasa kwa mwanga wa mchana, na ikamtia aibu.

Njia nzima ya kurudi Lewisville alibishana na nafsi yake kwa sauti. Je, nimempenda kwa sababu amenifanya nifunge? Nani asiyempenda anayemfanya ang'ae? Alipofika karibu na nyumbani alicheka peke yake garini mpaka dereva wa pembeni akamtazama. Si ndiyo kazi yenyewe hiyo! Si ndicho tulichokuwa tunakitafuta!

Jumatatu mchana walikaa mezani Fort Worth. Wilfred alisoma takwimu zake, na kwa haki zote, zilimpendelea msichana wa Oklahoma. Tania aligeuka. "Everline?"

"Alida," alisema Everline. Akaeleza kila kitu. Hakuficha raba, wala miwani, wala Elvire. "Ana kasoro. Hasemi, na kutosema kwake kuliniangusha chini, nina alama, nikitaka nawaonyesha."

"Usituonyeshe," alisema Tania.

"Mdomo nitamfundisha mimi. Hakuna mtu kwenye jengo hili anayeweza kufundisha kelele kama mimi, mnajua. Lakini yale macho, kumjua mtu anataka nini kabla hajajijua, hayo siwezi kumfundisha yeyote. Yule wa Oklahoma atatupa pointi zake. Huyu atatupa pointi za wengine wote, na sisi pointi za wengine ndizo zilizotupotea."

Tania aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kuuliza. "Nikuulize mara moja, na sitauliza tena. Unamchagua kwa sababu ni wa kwenu?"

Wilfred aliangalia meza. Hilo ndilo swali ambalo Everline alilikimbia msimu mzima, na sasa lilipofika, aligundua kwamba halimtishi.

"Msimu mzima nilimkataa kwa sababu ni wa kwetu," alisema. "Niliogopa hilo swali lako. Nilimwonea, na timu nikataka kuipunja. Leo namchagua kwa sababu tunamhitaji. Na kama mtaniambia nimebeba wa kwetu, semeni tu, nitakuwa nimekaa mstari wa mbele nikimtazama."

Tania alimtazama Wilfred. Wilfred akafunga kompyuta yake. "Mimi namwamini Aunty," alisema, na masikio yake yalikuwa yameiva.

Jioni ile jina la Alida lilisomwa, na Everline akapiga simu Stafford papo hapo. Aliyepokea hakusema hata halo. Zilikuwa kelele tupu, vigelegele, watoto, sahani iliyoanguka. Simu ilipita mikononi mwa watu ambao Everline hakuwajua, kila mmoja akimbariki. Clothilde aliishika akalia, akasema asante kwa Mungu, asante kwa mama, akalia tena. Everline akawasha spika ili mezani wote wasikie, akatafsiri alichoweza, na Tania akawa anacheka huku anajipangusa macho.

Mwishowe simu ikamfikia mwenyewe.

"Alida? Hongera, binti yangu."

Kimya.

"Alida? Upo?"

"Nipo, mama. Asante sana. Nilikuwa nafikiria."

"Siku kama ya leo! Unafikiria nini?"

"Yule dada yenu mrefu. Nimetazama mechi zenu zote za mwaka jana. Akipata mpira, kabla hajaenda, anageuza shingo kidogo aangalie nyuma. Mwaka juzi alikuwa hafanyi hivyo. Nadhani hajui kama kuna mtu wa kumrudishia mpira akikwama, tangu yule mwenzake astaafu."

Everline alitoa miwani. Daktari, kocha, takwimu, yeye mwenyewe na mdomo wake wote, hakuna aliyeliona. Akalitafsiri polepole, neno kwa neno, na kuzunguka meza ile hakuna aliyecheka tena. Tania aliinuka kitini.

"Sasa mama," Alida aliendelea, na kwa mara ya kwanza aliinua sauti ili ipite kelele za nyumbani kwao, "naomba umwambie asigeuke tena. Mwambie aende tu. Nitakuwa nyuma yake."